Mwaka wa Batani za Shomari

Simu ilinikuta jikoni nachambua mchele. Kijana aliyepiga sikuwa namjua, alijitambulisha kuwa ni wa Kurui kule Kisarawe, mjukuu wa dada yake Bi Tatu, akanisalimia kwa kirefu kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, kisha akasema, "Bibi ametutoka alfajiri ya leo. Tunapiga namba zote za kwenye simu yake. Yako ameiandika Mtani, ndiyo maana sijui nikuite nani." Nikamwambia aniite shangazi, nikazima jiko, nikakaa. Nina umri wa kutosha sasa kupokea taarifa za misiba bila kupiga kelele, na kusema kweli simu nyingi za asubuhi miaka hii ni za namna hiyo, lakini baada ya hii sikuurudia mchele. Wanangu wanamjua Bi Tatu kama mama mmoja wa Kisarawe aliyekuwa akituletea unga wa muhogo na korosho, anakaa nusu siku, anaondoka. Hawajui kwamba uko mwaka mmoja, nikiwa binti, ambao niliishi kwa ajili ya mikono ya mwanawe. Habari za wazazi wangu na jinsi tulivyotoka Urambo tukafika Kibaha naziacha, hazihusiki hapa. Nataka kueleza mwaka huo tu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na matokeo yalikuwa ya kunifanya nikae nyumbani nikitazamwa kwa huruma. Ili kuyakwepa macho hayo nilijipeleka mwenyewe kwa Fundi Lameki, mtengeneza simu wa pale Mailimoja, nikamwomba anifundishe kazi. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza mitumba, na ndani mlikuwa na meza moja yenye kioo, taa ya shingo ndefu, na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka ikichanganyika na spiriti. Harufu hiyo mpaka leo nikiisikia popote nageuka. Lameki alikuwa mtu wa simu. Gemu alizichukia kabisa. Mabanda ya gemu yalikuwa yamezagaa mjini wakati ule, na wenye mabanda walimletea pedi zao, zile za kushika mkononi na kubonyeza, kwenye mfuko wa salfeti, zimelowa jasho na kujaa makombo ya maandazi. Yeye alizisukuma upande wangu kwa kiwiko. "Chukua uchafu wako," ananiambia. Basi nikawa fundi wa uchafu. Nilijifunza kufungua pedi bila kuvunja meno ya kava, kusugua bodi kwa mswaki, na kuukagua ule mpira laini unaokaa chini ya batani, wenye kidoto cheusi ambacho kikiigusa bodi ndipo mtu wa kwenye kioo anapokimbia au kupiga mpira. Karibu kila ugonjwa wa pedi uko kwenye mpira huo. Ukichakaa, batani haishiki. Unaweka mpya, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa nimeridhika.

Bi Tatu alikuja mchana mmoja Lameki akiwa amekwenda kula. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuamrisha. Niliposema shikamoo aliitikia marahaba huku macho yake yakimtafuta fundi nyuma yangu. "Fundi ni mimi kwa sasa," nikamwambia. Hakuamini, lakini alikuwa amechoka na jua, akaketi kwenye benchi na kufungua fundo la khanga. Ndani mlikuwa na gemu ya mkononi ya kizamani, ya kijivu, kioo chake si kikubwa kuliko kiberiti, batani zimeliwa mpaka maandishi yote yamefutika. "Ya mwanangu. Anasema batani ya kurukia siku hizi mara inashika, mara haishiki." Niliifungua mbele yake. Mpira ulikuwa umelegea kama kitambaa. Nikautoa, nikauweka mpya, nikabonyeza mara kadhaa asikie inavyolia, tena kwa majivuno, maana ilikuwa imerudi kuwa ngumu na imara kama imetoka dukani. Alishukuru akaondoka. Hazikupita siku nyingi akarudi. "Imepona," akasema, "lakini imekuwa ngumu." Nikamweleza kwamba ndivyo kitu kipya kilivyo. Akasema, "Hebu funga hapo twende ukamwone mwenyewe mwenye gemu."

Walipanga chumba Pangani, ile Pangani yetu ya Kibaha, ili kuwa karibu na hospitali. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka, jiko la mkaa mlangoni na pazia la khanga lililokigawa katikati. Shomari alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameegemezwa ukutani kwa mito, kijana wa rika langu mwenye uso mpana wa kucheka na mwili uliokonda vibaya. Miguu ilikuwa imemwacha zamani. Madaktari walikuwa wamesema ni ugonjwa wa misuli, kwamba misuli inakufa taratibu mmoja baada ya mwingine, na dawa yake haipo. Sasa ulikuwa umefika mikononi. "Wewe ndiye uliyeniharibia gemu?" akaniuliza. Nikasema nimemtengenezea. "Umemtengenezea mtu mwingine," akasema, akaweka kidole gumba juu ya batani, akakaza uso wote, na batani haikushuka. Nilielewa papo hapo, na nilijisikia vibaya kuliko siku ya matokeo. Ule mpira niliouona mbovu ulikuwa umelainishwa na mikono yake mwenyewe kwa miaka. Ulilegea kadiri yeye alivyolegea, vikawa vinakwenda pamoja. Nilirudi kibandani nikapekua takataka za Lameki mpaka nikaupata, nikaufuta vumbi, nikaukata pembeni kwa wembe ili uwe laini zaidi, nikapaka kidoto chake upya. Kesho yake sungura wa kwenye gemu aliruka. Ilikuwa ni gemu ya sungura anayekimbia na kuruka mashimo, hakuna kingine, na Shomari alicheka kwa sauti kila alipovuka shimo.

Siku hiyo Bi Tatu alinipikia bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi, akaniuliza kwetu ni wapi. Niliposema Urambo, Mnyamwezi, alipiga makofi. "Mtani! Sasa naelewa kwa nini uliharibu!" Shomari akadakia, "Mama, hawa walizoea kubeba mizigo mikubwa mikubwa. Vitu vidogo wataviwezea wapi?" Nikamjibu kwamba sisi angalau tunabeba, wao Wazaramo wanacheza ngoma mpaka magugu yanafunika muhogo, halafu wanasema shamba limelogwa. Tangu hapo sikuwa mgeni tena. Vijana wa sasa wanadhani utani ni mzaha wa kawaida, kwa hiyo inabidi nieleze: mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya chakula, kukucheka siku ya aibu yako, na huwezi kukasirika. Nyumba ile ilikuwa imejaa watu wa kunong'ona na kuhurumia. Mimi nilikuwa mtu pekee aliyeruhusiwa kumwambia Shomari, "Inuka basi wewe mvivu, unamtesa mama yako," na yeye akacheka mpaka machozi. Sijawahi tena kuhitajiwa namna hiyo na mtu yeyote, wala kupendwa kwa namna hiyo, nasema bila kificho.

Mwaka wote ukawa ni mbio kati yangu na ugonjwa ule. Uliponyang'anya kitu, mimi nilitengeneza kingine. Alipochoka kuishika gemu mikononi, nilimpelekea fundi seremala kipande cha mti akachonga kibao cha kuwekwa mapajani, nami nikaifunga gemu juu yake kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kidole gumba kilipoanza kuteleza, nilikata vipande vya kandambili nikavibandika juu ya batani ili kidole kipate pa kutulia. Mpira uliokatwa kwa wembe nao ukawa mzito kwake. Ndipo nikakumbuka mausi za kompyuta, zile mbovu ambazo maofisa wa mkoa walimletea Lameki akazitupa chini ya meza. Ndani yake mna swichi ndogo inayolia hata ukiigusa kwa ukucha. Nilichomelea nyaya nyembamba kama unywele kwenye bodi ya gemu, nikatoboa kava, nikazitoa nje, nikaziunga na swichi hizo na kuzipanga kwenye kibao pale pale vidole vyake vilipolala. Nilipomaliza, Lameki alikuja akasimama nyuma yangu, akaitazama kazi. "Unafanya nini na huo uchafu?" Nikamweleza. Akanisogezea ile pasi yake nzuri ya kuchomelea ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa, akarudi kwenye simu zake.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia nikifunga skrubu, Shomari amelala, na mlangoni Bi Tatu alikuwa akikaanga mihogo pamoja na wifi yake, Bi Havijawa, aliyekuja kutoka Kurui kuwachukua. Bi Havijawa hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Mtoto anakwisha, Tatu. Hospitali wamekwambia hivyo, mwili wake unakwambia hivyo. Wewe unahangaika na mdoli wa betri. Mrudishe nyumbani akae na watu wake." Mafuta yakalia kwa muda. Kisha nikamsikia Bi Tatu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Wifi, miguu ilipomwacha alilia mpaka nikataka kufa mimi. Maadamu anabonyeza, hajui kama imefika mwisho. Siku atakayoshindwa kubonyeza ndiyo siku atakayojua. Sitaki aione hiyo siku." Nami nikabaki na bisibisi mkononi, naogopa hata kupumua. Niliapa moyoni kwamba siku hiyo haitafika, kana kwamba ilikuwa mikononi mwangu.

Walirudi Kurui hata hivyo, wakati wa kuvuna korosho. Nami nikawa nakwenda kila nilipoweza, kwa gari mpaka Mlandizi, kisha pikipiki, nimepakata mfuko wa vifaa. Umeme haukuwepo, hivyo niliunganisha betri kubwa za tochi kwenye kopo la maziwa ili gemu iwake muda mrefu. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, pana, yenye baridi nzuri ndani, na chumba cha Shomari kilikuwa na dirisha lililotazama mihogo. Hapo ndipo aliponiambia. Mama yake alikuwa amekwenda kisimani. Nilikuwa nasogeza swichi karibu zaidi na kidole chake cha shahada, maana ndicho pekee kilichobaki na nguvu, akasema, "Nyamizi, nikuulize. Wewe huyu sungura hakuchoshi?" Nikacheka, nikadhani ni utani. "Mimi ameshanichosha zamani," akasema. "Toka Kibaha. Nafumba macho namwona anaruka. Lakini nikiacha kucheza, mama atajua nimeshindwa. Sasa hivi akinisikia nacheza anapika, anaimba, anagombana na kuku. Kwa hiyo wewe endelea tu kutengeneza." Nikamwuliza kama anajua hali yake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtani mjinga. "Mwili si wangu? Nani ajue kabla yangu?" Kisha akasema, taratibu, "Usimwambie."

Nimewahi kubeba mizigo katika maisha haya, ya ndoa, ya kazi, ya kuzika wazazi, lakini ule ulikuwa mzito kuliko yote. Mama alilipigania lile kopo la betri kwa ajili ya mtoto, mtoto alimvumilia yule sungura kwa ajili ya mama, na siri zote mbili zilikuwa kwangu, moja nimeisikia nyuma ya pazia, nyingine nimekabidhiwa, na ilikuwa siri ile ile. Nilikuwa najiuliza njiani, nikirudi Kibaha na vumbi usoni, kama nikisema neno moja tu wote wawili watapumzika. Lakini kila nilipofika nilimkuta Bi Tatu akisikiliza mlio wa gemu kutoka jikoni, na Shomari akisikiliza wimbo wa mama yake kutoka chumbani, nikaona kwamba hayo ndiyo mapumziko yao. Nikafunga mdomo, nikafungua skrubu.

Kidole cha shahada nacho kikakoma. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwisha kuondoa kila uzito ninaoujua kuondoa. Ile swichi ingeweza kubonyezwa na nzi. Shomari alikaza uso, sungura akatumbukia shimoni, akarudi mwanzo, akatumbukia tena. Bi Tatu alikuwa mlangoni ameshika ungo. Nilimwona Shomari anamtazama, naye anamtazama Shomari, nikajua kwamba ile siku tuliyoikimbia imefika na sina spea yake. Ndipo Bi Tatu akaweka ungo chini, akaja, akaketi mkekani, akaweka kidole chake juu ya batani. "Haya," akasema, "nifundishe. Huyu mnyama anaruka saa ngapi?" Shomari akasema, "Nikisema ruka, bonyeza." Na ndivyo walivyocheza majuma yaliyobaki. "Ruka, mama." "Nimeruka." "Umechelewa!" "Sema mapema basi, mtoto gani wewe!" Mimi nilikaa pembeni, fundi asiye na kazi, nikila korosho za watu.

Alifariki asubuhi ya mvua. Nilipofika Kurui wanawake walikuwa wamejaa uani na sebuleni, na wanaume walikuwa wameanza kuchimba. Nilijitupa chini karibu na mlango nikaanza kulia. Bi Havijawa alinijia, akanishika mkono kwa nguvu. "Wewe Mnyamwezi, nani kakutuma kulia? Wenye kulia tupo. Mtani halii. Inuka ufanye kazi yako." Alikuwa sahihi, mila ni hiyo. Siku ya msiba mtani ndiye anayevuruga, anamwigiza marehemu, anateka kitu cha wafiwa mpaka akombolewe, ili waliofiwa wapate pa kutolea pumzi. Nilijifuta uso kwa khanga. Nikaingia chumbani kwake, nikabeba kile kibao chenye gemu na nyaya zake zote, nikatoka nacho kichwani kama mpagazi. "Nimeteka!" nikasema. "Huyu mvivu wenu ameniachia mzigo, nami ni wa mizigo. Haurudi ndani mpaka nikombolewe!" Wanawake wakacheka, wengine huku wanalia. Mmoja akanirushia kitunguu, mwingine leso. Nikakataa. "Nataka anikomboe mwenyewe." Nikaenda mpaka mbele ya Bi Tatu, nikapiga magoti. Aliinua uso. Aliutazama mkono wake, kile kidole kilichokuwa kinaruka, akakifunika kwa mkono wa pili. "Sina cha kukukombolea, mtani," akasema. "Kaa nayo." Wakaangua kicheko, "Umenasa, Mnyamwezi!" Mimi nilicheka pamoja nao kwa nguvu kuliko wote. Sikulia siku ile. Wala siku ya arobaini, kwa sababu Bi Havijawa alikuwepo. Wala baadaye, maana kilio nacho kikicheleweshwa sana hakijui tena pa kuanzia.

Bi Tatu aliendelea kuja kwangu miaka yote hiyo. Hakuiulizia gemu hata siku moja, wala sikuitaja. Mara moja tu, tukimenya viazi, alisema bila kuniangalia, "Lakini alimpenda sana yule sungura." Nikajibu, "Sana, mama." Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, tukaendelea kumenya. Ukiniuliza leo kama nilimdanganya, nitakwambia hapana.

Basi juzi nilikwenda Kurui kumzika. Barabara imekuwa nzuri, nguzo za umeme zimefika, nyumba ni ya tofali. Njia nzima nilijiandaa: nitamwigiza anavyogombana na kuku, nitateka ungo wake, nitadai nikombolewe kwa jogoo. Nilifika nikasimama uani, nikasema kwa sauti, "Mtani wenu nimefika, mmemficha wapi yule mkorofi?" Watu wakageuka. Walikuwa vijana wengi, mabinti wa mjini waliovaa baibui nzuri, na hakuna aliyecheka. Bi Havijawa alikwisha kufa, na wazee wa rika lake vilevile. Binti mmoja alinyanyuka, akanishika bega kwa upole, akanikalisha kwenye mkeka, akaniletea maji. "Pole sana, shangazi," akasema. "Ulikuwa ndugu yake?" Nikamwambia mimi ni mtani. Akaitikia kwa kichwa, naona hakuelewa, akanipangusa vumbi begani. "Usijikaze, shangazi. Lia tu."

Nilimtazama nione kama yupo mtu nyuma yake wa kunikataza. Hakuwepo. Nikaanza na Bi Tatu, nikamlilia mpaka sauti ikakauka, na binti wa watu akadhani nimemaliza. Kisha nikamlilia Shomari.